Tupeane uzoefu: wanaoishi bila karatasi, wale tunaowajua wenyewe

Dada wa Umoja
Wadau, nimechoka kusikia kwenye matatu kwamba mtu asiye na karatasi, yaani hati za kuishi nchini, ni mhalifu, halafu anakula jasho la wengine bila kulipa chochote. Hapa Nairobi ni nadra kukosa mtu kama huyo kwenye ploti yenu, na koo nyingi zina mmoja majuu. Leteni habari za mtu unayemjua, si za kusikia. Naanza.

Shangazi yangu yuko Dallas. Aliingia Marekani kwa ndege, viza ya mwanafunzi mkononi. Karo ikamshinda, viza ikaisha, akabaki. Anatunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani usiku. Ushuru analipa. Kule kuna namba ya mlipa ushuru inayoitwa ITIN, ipo tangu 1996, na hata asiye na kibali hupewa. Fomu zake hujaza kabla ya tarehe 15 Aprili. Taasisi ya ITEP, inayochunguza mambo ya ushuru kule, ilikadiria kwamba walio kama yeye kwa jumla walilipa ushuru wa dola bilioni 96.7 mwaka 2022, na mabilioni ya hizo yaliingia kwenye mfuko wa pensheni ambao wao wenyewe hawana haki ya kuuchukulia kitu.

Linaloniuma ni la shosho. Alipofariki, kijijini walisema shangazi amekataa kuja kumzika mamake. Sheria ya kule ya 1996 inasema aliyekaa mwaka mzima bila ruhusa akitoka tu, anafungiwa mlango miaka 10. Aliyelipa jeneza, mochari na chakula cha waombolezaji ni yeye. Mazishi aliyaona kwa simu. Mimi ndiye niliyemshikia, hadi mkono ukafa ganzi.

Jirani Kayole
Kwetu kuna kijana Mrundi anauza njugu karanga. Ati amechukua kazi ya vijana wetu. Kazi ipi? Njugu ananunua Nyamakima, anakaanga mwenyewe usiku kwa jiko la makaa, anafunga pakiti za shilingi kumi, kisha anatembea hadi Donholm. Muuza nafaka amepata, mama wa makaa amepata, mwenye nyumba anapata kila mwezi. Akinunua sabuni analipa VAT ya asilimia 16 kama mimi. Na hakujipenyeza mpakani: Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Alichokosa ni kibali cha kufanya kazi. Kwa hivyo akishikwa jioni, mauzo ya siku yanaishia kwa aliyemshika.

Fundi wa Githurai
Mimi ni Mshona. Wazee wetu walikuja miaka ya 1960 kutoka Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, kuhubiri Injili. Mimi nimezaliwa hapa na Zimbabwe sijawahi kukanyaga. Wengi hudhani asiye na karatasi lazima aliingia kinyemela. Sisi tulizaliwa tu, na hakuna nchi iliyotuandika.

Vitanda na makabati tumetengenezea watu miaka yote hiyo. Lakini laini yangu ya simu ilisajiliwa kwa kipande, yaani kitambulisho, cha jirani, basi malipo ya mteja kwenye M-Pesa yaliingia kwa jina lake. Pesa ikikwama, hata kupiga simu kulalamika siwezi, maana si yangu. Benki ndiyo usiseme.

Siku ya Jamhuri 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Washona 1,670 watapewa uraia. Nilipopata kipande nilisajili laini, nikafungua akaunti, nikakopa, nikanunua mashine ya kuranda. Leo nina vijana wawili nimewaajiri, na wote wana vipande tangu wafike miaka 18. Ufundi ni ule ule niliokuwa nao zamani.

Mdau wa South B
Nawasikia, lakini usalama je? Bila rekodi utamjuaje mtu?

Dada wa Umoja
Swali zuri. Texas, jimbo aliko shangazi, huangalia hali ya uhamiaji ya wanaokamatwa, na watafiti waliochambua rekodi hizo walikuta wasio na karatasi hukamatwa kwa makosa makubwa kwa kiwango cha chini kuliko raia waliozaliwa kule. Shangazi yangu hata barabara havuki mahali pasiporuhusiwa, anaogopa kuulizwa jina. Na ukitaka rekodi, Fundi amekujibu: mpe mtu kipande, rekodi utapata.

Mama Pangani
Naongeza kwa wenye majirani wakimbizi. Si kweli kwamba kila mkimbizi anayekaa mjini ni mvunja sheria kwa kuwa tu hayuko kambi ya Dadaab au Kakuma. Serikali ilipotaka kuwahamishia wote kambini, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kilikwenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaizuia amri hiyo, ingawa 2014 serikali ilitoa nyingine. Kituo hicho husaidia wakimbizi bila malipo. Jirani yako akishikwa, usingoje kesho, wapigie usiku huo huo au mtafute wakili.