Mpiga ngoma kwenye filamu: mtunzi au kibarua?

Mwana Mikindani: Wadau, kuna kaka mmoja hapa Mtwara. Alianzia vikundi vya ngoma ya sindimba, akasoma chuo cha sanaa Bagamoyo, sasa anatungia midundo maonyesho ya ngoma na filamu. Juzi wenye filamu wamemlipa posho ya siku moja, na jina kaandikwa "mpiga ngoma" basi. Uwanjani mpigaji na mchezaji wanasomana macho. Kwenye filamu picha imeshakatwa na kuunganishwa, mtu akigeuka shingo mdundo uangukie hapo hapo. Kakesha akipanga hayo. Si mtunzi huyo?

Bi Korosho: Mtunzi wa nini? Sindimba ya Wamakonde wote. Akilipwa yeye, bibi yangu kule Newala naye alipwe. Na siku hizi wanapiga madumu ya plastiki eti ngoma!

Ligula Damu: Dumu limekukosea nini dada? Ngozi ikipata unyevu inalegea, uikanze kwenye moto wa makuti huku mwongozaji anaangalia saa. Dumu halijui masika.

Mzee wa Newala: Mjukuu wangu, kinganga, ile ngoma yetu ndogo, kina mguu uliochongoka, unakichomeka ardhini ndipo unashika fito zako mbili. Dumu utalichomeka wapi?

Ligula Damu: Shikamoo babu. Na kinganga kwenye sakafu ya saruji utakichomeka wapi?

Mzee wa Newala: Marahaba. Nani kakutuma ukachezee kwenye saruji?

Lindi Kwetu: Watu wa Mtwara kujimilikisha hamjambo. Mpaka 1971 tulikuwa mkoa mmoja, leo kila ngoma yenu.

Bi Korosho: Nyie bakini na minazi yenu.

Lindi Kwetu: Minazi ndiyo iliyokusomesha? Kama haikukusomesha, inaonekana.

Mwana Mikindani: Jamani, mada! Sheria ya Hakimiliki ya 1999 imeweka sanaa za jadi sehemu yake, na kazi ya mtunzi sehemu yake. Sindimba ya wote, sawa. Mpangilio wa ile filamu ni wake.

Bi Korosho: Mwanasheria kafika. Umewahi kusajili nini COSOTA, ofisi ya hakimiliki? Weka cheti hapa.

Mwana Mikindani: Mimi sina kazi ya kusajili, namsemea mwenzangu.

Bi Korosho: Mwenzako au shemeji yako? Chikongola yote inajua ulipooa.

Ligula Damu: Haaa! Kumbe posho ya shemeji!

Mwana Mikindani: Hata akiwa shemeji, mdundo kautunga nani?

Lindi Kwetu: Hapo kwenye posho, chakula kilikuwemo?

Mzee wa Newala: Hilo dumu lilikuwa la mafuta au la maji? Sauti hazifanani.