MRI inang'aa, lakini mionzi haiongezi makali. Kosa liko wapi?

Swali: Tunawadunga panya wenye saratani chembe nano (chembe ndogo mno) za manganizi dioksidi kwenye mshipa wa mkia, ili zitoe oksijeni ndani ya uvimbe na mionzi iue seli zaidi. Picha za T1, aina ya picha za MRI, zinang'aa vizuri penye uvimbe, ila mionzi inafanya kazi kama zamani. Chembe ni mbovu?

Jibu 1: Mng'ao wa T1 unaonyesha ayoni za manganizi, si oksijeni. Chembe zikikutana na haidrojeni peroksidi, zinatoa vyote viwili. Zikikutana na glutathayoni, kemikali ya kinga iliyojaa tele kwenye seli za saratani, zinayeyuka bila kutoa oksijeni hata kidogo. Picha inabaki ileile!

Jibu 2: Ongezeni picha za fotoakustika (mwanga hupigwa, sauti ikasomwa), kwa mwanga wa nanomita 750 na 850, ili kupima oksijeni yenyewe, kabla ya sindano na kila nusu saa baadaye. Ila hapo mnasoma hemoglobini tu, kibeba oksijeni cha damu, yaani ndani ya mishipa. Seli zenye njaa ya oksijeni ziko mikromita 100 hadi 200 mbali na mshipa. Kuziona hizo, dungeni pimonidazoli, dawa ya kutia alama seli hizo, miligramu 60 kwa kilo ya uzito, kama saa moja kabla ya kutoa tishu; hunasa pale shinikizo la oksijeni liliposhuka chini ya mmHg (milimita za zebaki) 10 hivi.

Jibu 3: Na panya mnawalaza kwa isoflureni, gesi ya usingizi, yenye oksijeni tupu? Hiyo peke yake hupandisha vipimo vya oksijeni. Tumieni hewa ya kawaida, na kundi la kulinganishia lipate hivyohivyo. Kisha pigeni mionzi oksijeni ikiwa kileleni, ikishashuka, mmechelewa.

Muulizaji: Kumbe! Ni oksijeni tupu, na mionzi tunapiga kesho yake.