Historia si rungu la ushabiki: malalamiko yangu kwa kambi zote mbili

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sijapata kuona somo hili likidhalilishwa kama linavyodhalilishwa sasa katika mabishano yetu ya kisiasa. Katika mjadala mmoja tu, kuhusu kiongozi wa aina tunayoijua sote, yule anayepanda jukwaani na kutangaza kwamba yeye ndiye wananchi na kila anayempinga ni adui wa wananchi, niliitwa msaliti na wafuasi wake kwa kuwa nilitaja mwaka 1933, mwaka ambao Hitler alishika madaraka Ujerumani. Haukupita muda nikaitwa mtetezi wa udikteta na wapinzani wake, kwa kuwa nilisema kwamba mwaka 1933 haukwenda kama wanavyousimulia. Matusi nimeyazoea. Kinachoniuma ni kwamba katika pande zote mbili hakutokea hata mtu mmoja aliyeuliza ni nini hasa kilitokea.

Nianze na wapinzani, kwa sababu wao ndio wanaolitaja jina la Hitler asubuhi, mchana na jioni. Katika masimulizi yao, taifa zima la Wajerumani lilirogwa na hotuba, likapiga kura, na udikteta ukaingia. Sivyo. Katika uchaguzi wa Novemba 1932, ambao ulikuwa wa mwisho kufanyika kabla Hitler hajashika madaraka, chama cha Nazi kilipata asilimia 33.1 ya kura na viti 196, kikiwa kimepoteza viti 34 na kura zipatazo milioni mbili tangu Julai ya mwaka huohuo. Chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia kilikuwa na viti 121 na Wakomunisti walikuwa na viti 100. Jumlisheni wenyewe: ni viti 221, vingi kuliko vya Wanazi. Havikutosha kuunda serikali katika bunge la viti 584, lakini kambi ya namna hiyo, kama ingesimama pamoja, isingepuuzwa na mtu yeyote. Haikusimama. Wakomunisti walikuwa wamekwishaamua kwamba adui yao mkubwa ni Wasoshalisti, wakawabandika jina la mafashisti wa kijamii, na Wasoshalisti nao hawakuwaamini Wakomunisti hata chembe, kwa sababu ambazo nyingine, lazima tukiri, zilikuwa na msingi.

Kwa hiyo Hitler hakubebwa na umati mpaka ofisini. Chama chake kilikuwa kinashuka wakati Franz von Papen na wenzake, watu wa tabaka la juu walioidharau jamhuri na waliomdharau Hitler vilevile, walipomshawishi Rais Hindenburg, mzee wa miaka 85, amteue kuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933. Baraza lile lilikuwa na Wanazi watatu tu, Hitler mwenyewe akiwemo, na Papen akawa makamu wake. Waliamini kwamba wamemwajiri, watamtumia, kisha watamweka kando. Wiki nne baadaye jengo la bunge liliteketea kwa moto, na kesho yake haki za msingi za raia zikasimamishwa kwa amri. Tarehe 23 Machi bunge lilipitisha sheria ya kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94. Kura zote 94 za hapana zilikuwa za Wasoshalisti, waliokaa katika ukumbi uliojaa askari wa mgambo wa chama tawala, na kiongozi wao Otto Wels akasimama na kueleza kwa nini wanakataa. Wakomunisti hawakuwemo kabisa, kwani walikuwa wamefungiwa nje, wamekamatwa au wamekimbia. Chama cha Kikatoliki, kile kilichojiita cha katikati, kilipiga kura ya ndiyo baada ya kupewa ahadi, na ilipofika Julai kilikuwa kimejivunja chenyewe.

Sasa nawauliza ninyi mnaopaza sauti kila siku: katika kisa hicho, mnajiona mko wapi? Mnadhani ninyi ni Otto Wels. Mimi nikiwatazama mnavyotafunana wenyewe kwa wenyewe, kila kikundi kikiona heri kiongozi huyo ashinde kuliko mwenzenu apate sifa, nawaona ni wale waliokuwa na viti 221 wasivifanyie kitu. Kutamka jina la Hitler mara elfu hakuwapunguzii wajibu huo hata kidogo.

Tena mna tabia nyingine inayonichukiza zaidi, nayo ni kuwadharau wapiga kura wake. Mnasema hawakusoma, hawafikiri, hawafai kuachiwa uamuzi. Yametokea hayo pia, na matokeo yake yanajulikana. Nchini Ufaransa, Louis-Napoléon Bonaparte alichaguliwa kuwa rais mwezi Desemba 1848 kwa takribani robo tatu ya kura. Wanasiasa wazoefu wa Paris, ambao walimwona mjinga wa kuongozwa, waliingiwa na hofu zaidi na watu wa kawaida kuliko na yeye. Mwezi Mei 1850 bunge lao likapitisha sheria iliyowanyang'anya haki ya kupiga kura wanaume wapatao milioni tatu, wengi wao wafanyakazi na watu wa kuhamahama kutafuta riziki. Walidhani wameilinda jamhuri. Kumbe walikuwa wamemkabidhi mshindani wao bendera ya demokrasia aipeperushe yeye! Alipopindua katiba tarehe 2 Desemba 1851, tangazo lake kwa wananchi lilirudisha haki ya kura kwa wanaume wote. Baada ya wiki tatu hivi, kura ya maoni iliyofanyika huku wapinzani wakiwa wamekamatwa ilimpa kura za ndiyo zaidi ya milioni saba. Nani angekwenda kulifia bunge lililomfuta kwenye daftari la wapiga kura?

Argentina ilijaribu njia ya kufuta kabisa. Baada ya jeshi kumpindua Rais Juan Perón mwaka 1955, amri ya mwaka uliofuata ilikataza hata kulitaja jina lake hadharani au kuonyesha picha yake, na mwili wa marehemu mkewe Eva ulifichwa na hatimaye kuzikwa Italia kwa jina la mtu mwingine. Mwaka 1973 Perón alirudi na kushinda uchaguzi kwa zaidi ya asilimia 60. Watu waliokuwa wamepata mishahara bora na likizo za kulipwa enzi zake hawakusahau kwa sababu tu wameamriwa kusahau.

Na wale mnaohubiri kususia kila kitu, tazameni Venezuela. Mwezi Aprili 2002 wapinzani wa Rais Hugo Chávez walishangilia mapinduzi yaliyomweka Pedro Carmona madarakani, naye akalivunja bunge na Mahakama ya Juu siku hiyohiyo aliyoapishwa. Utawala wake haukumaliza siku mbili. Chávez alirudi akiwa na hoja ambayo hangeweza kuinunua kwa fedha yoyote, kwamba wanaomwita dikteta ndio waliolivunja bunge. Kisha, mwezi Desemba 2005, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa wabunge dakika za mwisho, na viti vyote 167 vikaenda kwa upande wake. Yaliyofuata katika nchi ile kwa miaka mingi yalipitishwa na bunge ambalo wapinzani wenyewe walilihama. Nayasema haya nikijua fika kwamba Chávez alibana vyombo vya habari na kuijaza mahakama watu wake. Makosa ya mtawala hayageuzi makosa ya wapinzani kuwa busara.

Nimewachosha wapinzani, sasa wafuasi nisikilizeni.

Hoja yenu ya kwanza ni kwamba amechaguliwa. Sawa, na Louis-Napoléon alichaguliwa, na Alberto Fujimori wa Peru alichaguliwa mwaka 1990, kisha tarehe 5 Aprili 1992 akalifunga bunge kwa msaada wa jeshi huku wananchi wengi wakimpigia makofi. Kuchaguliwa kunampa mtu kazi kwa muda na kwa masharti, na masharti hayo ndiyo mnayotaka tuyasahau. Hoja yenu ya pili ni kwamba anajenga. Simkatalii. Huey Long, gavana wa jimbo la Louisiana huko Marekani tangu 1928, alijenga barabara na madaraja na akawapa watoto wa shule vitabu bila malipo katika jimbo ambalo matajiri walikuwa wamelisahau. Huyohuyo aliligeuza bunge la jimbo kuwa mhuri wake na ajira za serikali kuwa zawadi kwa wanaomtii. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Mtu mzima anapaswa kuweza kuyabeba yote mawili kichwani bila kulazimika kulitupa moja.

Hoja yenu ya tatu ndiyo inayonikasirisha hasa: kwamba watu wamekuwa wakitabiri udikteta tangu siku ya kwanza na haujaja, kwa hiyo wanaoonya ni waongo. Someni habari za Italia. Benito Mussolini, kiongozi wa Mafashisti, aliitwa kuunda serikali mwishoni mwa Oktoba 1922, baada ya mfalme kukataa kutia saini amri ya hali ya hatari iliyoletwa na waziri mkuu wake. Baraza lake la kwanza lilikuwa na mawaziri wa vyama vingine. Mwaka mzima wa 1923 mtu angeweza kusema, kama msemavyo ninyi, kwamba bunge lipo, magazeti yapo, mbona hamna udikteta? Tarehe 30 Mei 1924 mbunge Giacomo Matteotti alisimama bungeni kushutumu vitisho na udanganyifu katika uchaguzi, na tarehe 10 Juni akatekwa na kuuawa. Kwa miezi kadhaa serikali ile iliyumba. Wapinzani wakatoka bungeni kwa kususa, wakimtegemea mfalme achukue hatua, na mfalme hakuchukua. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini alisimama bungeni akasema wazi kwamba anabeba yeye mwenyewe dhamana ya yote yaliyotokea, na hakuna aliyemgusa. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka miwili tangu aingie ofisini. Kuchelewa kwa jambo si ushahidi kwamba halitakuja, wala mimi sisemi kwamba lazima lije kwa kiongozi wenu. Nasema kwamba hoja yenu haina uzito mnaoupa.

Kuna kundi la tatu ambalo hakuna anayeligombeza, nalo ndilo ninalolilaumu kuliko yote. Ni wale wazee wa siasa walio karibu naye, wanaojua anachofanya, wanaomsema vibaya wakiwa faragha na kumsifu hadharani, kwa kuwa wanahesabu kwamba watapata wanachokitaka kisha watamdhibiti. Papen alikuwa mmoja wao. Giovanni Giolitti, mwanasiasa mkongwe wa Italia, aliwaingiza Mafashisti katika orodha yake ya uchaguzi mwaka 1921, wakapata viti 35 na heshima ambayo hawakuwa nayo. Adolphe Thiers, mmoja wa wanasiasa wale wazoefu wa Paris, alimuunga mkono Louis-Napoléon mwaka 1848 akidhani atamwendesha, na alfajiri ya tarehe 2 Desemba 1851 polisi walimkuta kitandani mwake.

Lakini wapo waliofanya kinyume, na inaniuma kwamba majina yao hayatajwi kamwe katika mabishano yenu. Nchini Finland, vuguvugu la Lapua, la mrengo mkali wa kulia, liliteka nyara wapinzani wake na kuwapiga, na lilimpenda Rais Svinhufvud, mhafidhina aliyewachukia Wakomunisti kama lilivyowachukia lenyewe. Wafuasi wa vuguvugu hilo walipokusanyika na silaha huko Mäntsälä mwaka 1932, ni rais huyohuyo aliyekwenda redioni akawaamuru warudi makwao, na wakarudi. Vuguvugu hilo likapigwa marufuku kwa kutumia sheria ambayo lenyewe lilikuwa limeishinikiza itungwe dhidi ya Wakomunisti. Mkuki kwa nguruwe, kama wasemavyo wahenga. Na huko Ubelgiji, Léon Degrelle, kiongozi wa chama cha Rex cha mrengo mkali wa kulia, aliyekuwa amepata viti 21 mwaka 1936, aligombea kiti kimoja cha Brussels mwezi Aprili 1937 ili kuonyesha nguvu zake. Wakatoliki, ambao angewafaa kama mshirika, waliungana na Waliberali, Wasoshalisti na hata Wakomunisti nyuma ya mgombea mmoja, waziri mkuu Paul van Zeeland. Degrelle alipata takribani asilimia 19. Mwaka 1939 chama chake kilibaki na viti vinne.

Watu hao hawakuwa malaika, na wengi wao hawakupendana. Waliamua tu kwamba mshirika anayevunja sheria ni hatari kuliko mpinzani anayeitii, na wakaamua hivyo mapema, wakati kuamua kulikuwa bado na gharama ndogo.

Basi kabla mtu hajanijibu kwa matusi, naomba ajibu swali lake kwanza. Unayempenda kiongozi huyo, nitajie tendo moja ambalo akilitenda kesho utaacha kumtetea, na uliandike hapa ili tulikumbuke. Usiyempenda, nitajie lalamiko moja la wafuasi wake ambalo ni la haki, na useme chama chako kitalifanyia nini. Nimewauliza watu wa pande zote mbili maswali haya tangu mjadala ule ulipoanza, na mpaka naandika hapa hakuna aliyenijibu.