Kazi za shaba na malakiti kwenye galeri ndogo za Lubumbashi: niuze papo hapo au niache kwa mali kauli?

Mfuashaba wa Katuba

Ndugu zangu wa kazi za mikono, salaam. Ninafua bangili, pete na hereni za shaba katika karakana ndogo hapa Katuba, na baadhi yake ninazitia vipande vya malakiti, lile jiwe la kijani, ninavyovikata na kuving'arisha mwenyewe. Mpaka sasa wanunuzi wangu ni watu wa mtaani, akina mama wanaoagiza kwa ajili ya harusi, na wageni wachache wanaoletwa na marafiki. Hivi karibuni galeri mbili za katikati ya mji, zote ndogo na za watu binafsi, zimeomba kazi zangu, lakini kila moja ina masharti yake. Ya kwanza inataka kununua papo hapo kwa nusu ya bei itakayobandikwa kabatini. Ya pili haitoi fedha mwanzoni. Inapokea kwa mali kauli, na kila kinachouzwa inakata asilimia 40 kisha inanipa kinachobaki.

Bangili moja iliyofuliwa kwa nyundo ninaiuza dola 20 nyumbani. Nikiitoa kwa dola 10, nikishaondoa shaba, gesi na msasa, jasho langu linakuwa la bure. Wakiipandisha hadi dola 40, wateja wangu wa Katuba wataniuliza kwa nini kitu kilekile kina bei mbili. Na kwa hao wa mali kauli, nitajuaje kilichouzwa na kilichobaki, wakati hereni ni kitu kinachoweza kupotea kwenye mkunjo wa kitambaa? Ninaomba ushauri wa waliokwisha kuuza kwa njia hizi.

Sonara wa Kamalondo

Mdogo wangu, usianze na masharti yao; anza na bei yako, kwa sababu hapo ndipo tatizo lilipo. Unapouza nyumbani unafanya kazi mbili: unafua, kisha unakaa na mteja, unamwonyesha, unamsubiri aamue, unamfungia. Hiyo dola 20 inalipa kazi ya kwanza tu, na ya pili umekuwa ukiitoa sadaka. Galeri inapodai asilimia 40 au hata nusu, inadai malipo ya kazi hiyo ya pili, pamoja na kodi ya nyumba, taa, mlinzi na mtu anayesimama mlangoni siku nzima. Viwango hivyo ni vya kawaida katika biashara hii, hapa na kwingineko, na wala si dalili ya udanganyifu.

Kwa hiyo piga hesabu upya: shaba, gesi, msasa, saa zako za kazi kwa ujira ambao ungemlipa fundi mwingine, sehemu ya kodi ya karakana, na kitu cha kununulia vifaa vipya. Tuseme unapata dola 20 kama kiasi ambacho lazima kifike mkononi mwako. Bei ya kabatini ikiwa dola 35, galeri ya mali kauli itakupa 21, na ile inayonunua papo hapo itakupa 17 na nusu. Sasa unaona wazi unacholipia: hizo tatu na nusu ni bei ya kupata fedha leo na kumwachia mwenye galeri hatari ya kitu kukaa bila kununuliwa. Mimi ningeuza papo hapo vitu vidogo vinavyotoka haraka, kama hereni na pete nyepesi, ili gesi isikatike karakanani. Na kazi kubwa zenye malakiti ningeziacha kwa mali kauli, maana galeri ndogo haiwezi kufunga fedha nyingi katika kidani kimoja.

Kuhusu hesabu, usiache hata pete moja bila hati ya makabidhiano. Kila kitu kiwe na namba yake, iandikwe kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi na iandikwe tena kwenye hati: namba 014, bangili ya shaba iliyofuliwa, vipande vitatu vya malakiti, dola 35. Piga picha. Hati iseme kwamba mali ni yako mpaka itakapolipwa, ili mwenye galeri akifunga duka au akidaiwa na mwenye nyumba, vitu vyako visihesabiwe kuwa vyake. Iseme nani analipa kikipotea au kikivunjika kikiwa mikononi mwao. Iseme siku ya kulipana, kwa fedha taslimu au kwa M-Pesa. Na iseme muda ambao baada yake kisichouzwa kinarudi. Kisha liko jambo ambalo watu wanalisahau: punguzo. Hapa kwetu hakuna mteja asiyeomba apunguziwe, na mwenye galeri atakubali. Andikeni anaweza kupunguza mpaka wapi, na kwamba punguzo likatwe kwenye kamisheni yake au mgawane, lisitoke kwako peke yako.

Nchi yetu ya Kongo iko chini ya sheria za biashara za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu mwaka 2012, na sheria hizo zinamtambua mtu anayemuuzia mwingine mali kwa kamisheni, na pia mjasiriamali mdogo anayejiandikisha kwa tamko la kawaida tu. Karatasi yenye sahihi mbili si jambo la kumwonea mtu aibu kuliomba.

Mwenye galeri, mjini

Dada, ninaongea kutoka upande wa pili wa kabati, na ninakubaliana na sonara kuhusu hati. Mimi mwenyewe ninaiandaa kabla fundi hajaiomba, kwa kuwa inanilinda hata mimi. Ningependa kuongeza yale tunayoyatazama tukikipokea kitu, kwa sababu kazi nyingi nzuri za mji huu zinarudishwa kwa mambo madogo.

La kwanza ni sehemu inayogusa ngozi. Jasho likikutana na shaba linaacha rangi ya kijani, na mgeni asiyeijua shaba huona ameuziwa kitu kibaya. Paka ndani ya bangili vanishi isiyo na rangi au nta ya nyuki, na umweleze mnunuzi kwamba rangi hiyo inatoka kwa maji na sabuni. Kulabu za hereni usizifanye za shaba tupu. Tumia fedha ya 925, yaani madini yenye asilimia 92.5 ya fedha halisi, au chuma cha pua, na epuka vile vya bei rahisi vyenye nikeli, ambavyo huwawasha watu wengi masikio. Pitisha kidole chako kwenye kila ukingo. Ukihisi mkwaruzo, mteja ataukuta kabla yako.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni malakiti inayoharibikia dukani. Sote tumelelewa tukisafisha shaba kwa ndimu na chumvi, na msaidizi wa galeri akiona bangili imefifia wakati wa mvua, ndimu ndiyo anayoikimbilia. Lakini malakiti ni kaboneti ya shaba; tindikali inaila, ule mng'ao unakufa na kubaki doa kama la chokaa, na hakuna namna ya kuurudisha ila kusugua jiwe upya. Ugumu wake ni kati ya 3.5 na 4 tu kwenye kipimo cha Mohs, wakati mchanga uliomo katika vumbi letu la kiangazi una kwatzi yenye ugumu wa 7. Ukilifuta vumbi kwa kitambaa kikavu kabla ya kulipuliza, unalikwaruza jiwe. Tuandikie maelezo haya kwenye kadi ndogo, uiache pamoja na kila kazi. Moto pia, bila shaka unajua: lehemu kwanza, jiwe mwisho, kwa kuwa likipata joto kali linageuka jeusi. Na ukikata, kata kwa maji ukiwa na barakoa, kwa sababu unga wake ni sumu.

Mwisho, tunauliza shaba imetoka wapi. Nyaya za umeme zinaibwa katika mji wetu, na galeri haiwezi kuuza kitu chenye asili ya aina hiyo. Weka risiti za mabaki unayonunua. Vilevile, kama unatengeneza misalaba midogo ya Katanga kwa ajili ya mikufu, kazi hiyo inapendwa, nami ninaipokea kwa furaha. Lakini usiizeeshe kwa kemikali na kumwacha mgeni aamini kwamba ni ile iliyotumika zamani kama fedha na mahari. Andika waziwazi kwamba ni kazi mpya, uweke na alama yako nyuma.

Mfinyanzi wa Ruashi

Yaya sonara, mkubwa wetu, kwa heshima, hesabu yako ni sahihi lakini haimfikirii mama wa Katuba anayeagiza bangili za harusi. Hana dola 35, na ndiye aliyemlisha dada huyu miaka yote ambayo galeri hazikumjua. Galeri inaweza kufunga mwezi ujao, mtaa haufungi. Mimi nisingekubali bei ya mjini iwafukuze watu wa nyumbani.

Sonara wa Kamalondo

Mfinyanzi, umesema kweli, na sitaki afukuzwe mtu. Ninachokataa ni kitu kilekile kuuzwa dola 20 Katuba na 35 mjini, kwa sababu mgeni atakayeijua njia ya Katuba hatarudi galeri, na mwenye galeri atakuwa na haki ya kukasirika. Basi vitu visiwe vilevile. Kwa ajili ya harusi afue bangili nyembamba, isiyo na jiwe, ambayo inachukua muda mfupi kwenye fuawe na inaweza kuuzwa rahisi kwa haki. Zile nene zenye malakiti ziwe na bei moja popote zinapouzwa, hata mlangoni pake.

Mfuashaba wa Katuba

Yaya, nawe mwenye galeri, nawe mfinyanzi, ninawashukuru sana. Nimeamua hivi: hereni na pete nyepesi nitaiuzia galeri ya kwanza, nikishabadilisha kulabu zote kuwa za fedha na kupanga bei upya, vidani na bangili zenye malakiti nitavipeleka ile ya pili, vichache kwanza, kwa hati yenye namba na picha, na nitakwenda kuhesabu mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Bangili nyembamba za harusi zinabaki Katuba.

Limebaki swali moja kwa mwenye galeri. Mkeka wa kabati la galeri hiyo ya pili ni wa kijani kibichi, na malakiti inapotea juu yake. Je, itakuwa utovu wa adabu nikipeleka kipande changu cha mbao ya mti wa mkora cha kuziwekea?

Mwenye galeri, mjini

Si utovu wa adabu hata kidogo, dada. Peleka, na uandike jina lako chini ya ubao, nao uingie kwenye hati kama vitu vingine.