Wakuu, intaneti ya nyumbani inakata kila jioni, nifanyeje?

Mwana Forest: Wakuu, poleni na majukumu. Nipo Forest Mpya, Mbeya. Nina faiba nyumbani, mchana inapiga kazi vizuri, ila ikifika saa kumi na mbili jioni inaanza kukata. Asubuhi inarudi yenyewe kama hakijatokea kitu. Ruta nimezima na kuwasha mpaka kitufe kimelegea. Kazi zangu ni za usiku, mteja ameshaanza kunijibu kwa mkato. Sasa hivi naandika kwa bando la simu. Kuna jamaa Mwanjelwa anauza busta 150,000. Ninunue?

Kiazi Mviringo: Jioni watu wote wanafungulia video. Msongamano tu huo. Lala mapema.

Fundi Waya: Msongamano unapunguza kasi. Inapokata, ile taa ya ruta iliyoandikwa LOS inakuwaje?

Mwana Forest: Nyekundu, inapepesa.

Fundi Waya: Basi achana na busta. Taa hiyo ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Busta inasambaza waifai tu, sasa itasambaza nini? Waya umepita wapi?

Mwana Forest: Umepita kawaida tu mkuu. Halafu busta nimeshatoa kishika uchumba elfu hamsini, jamaa kasema harudishi. Mnishauri aina gani ni nzuri.

Mzee wa Kabwe: Vijana mnadeka. Kabla mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujafika Dar 2009, unalipia nusu saa kafe, barua pepe moja inafunguka umebakiza dakika mbili. Mimi nilikuwa naomba chuo cha nje, umeme ukakatika kidole kipo kwenye "Tuma". Nikaishia kuuza mbolea.

Fundi Waya: "Kawaida" si jibu. Ruta aliifunga nani hapo ilipo?

Mwana Forest: Mafundi waliifunga sebuleni. Mwezi uliopita nikaihamishia chumbani. Kuna shemeji katoka Tukuyu kutafuta kazi, analala sebuleni, kila saa anachomoa ruta achaji simu. Mafundi kuhamisha wanataka hela, nikaupitisha waya mwenyewe dirishani. Lakini mbona mchana inafanya kazi?

Dada Rungwe: Kaka, mgeni hanyimwi soketi. Mnunulie ekstensheni yaishe.

Pilipili Kichaa: Hii chai. Machi huyu huyu alifungua uzi kapanga chumba kimoja Kihesa, Iringa, anatafuta godoro. Leo ana sebule, chumba na shemeji Mbeya?

Kiazi Mviringo: Weka sukari basi 😂

Mwana Forest: Nimeoa Mei, mke anafanya kazi huku, nikamfuata. Kuoa nako mpaka niombe ruhusa humu? Na godoro lenyewe mlinishauri vibaya, limeshabonyea.

Pilipili Kichaa: Na shemeji alikuja ndani ya begi la bibi harusi?

Fundi Waya: Ndoa za watu tuziache. Mwana Forest, hilo dirisha unalifunga saa ngapi?

Mwana Forest: Jua likizama. Si unaijua baridi ya Julai huku? Ni la aluminiamu, la kuteleza.

Fundi Waya: Ndani ya huo waya kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ukikunjwa kona kali mwanga unavuja. Jioni unaubana, asubuhi unauachia. Fungua dirisha sasa hivi, ruta usiiguse.

Mwana Forest: Imekuwa kijani! Waya umejikunja kama kiwiko pale fremu inapougonga, ganda limeshaota mstari mweupe.

Fundi Waya: Usiufunge kwa selotepu. Waite mafundi waunge upya na wapitishe kwenye tundu ukutani, kona zake zisibane kuliko mdomo wa glasi.

Pilipili Kichaa: Bado nasema chai.

Mwana Forest: Mke anauliza kwa nini dirisha lipo wazi saa tatu usiku. Kutoboa ukuta huku ni bei gani? Na yule wa busta, hamsini yangu naidaije?

Kiazi Mviringo: Mwambie akupe godoro.