Eti nirudi halmashauri nikishakosa makazi!

MpangajiSugu:
Wanajukwaa wa Ireland, mniwie radhi, leo sina hata salamu. Yule bwana wa dirisha la mwisho pale halmashauri mnamjua, yule ambaye hata mashine ya kutoa namba za foleni humwogopa na kukwama. Nimefika mbele yake na notisi ya kuhama mkononi, pamoja na kiapo cha mwenye nyumba kwamba anauza. Nikamweleza kwamba kodi yetu ya nyumba inalipwa kwa HAP, ile ruzuku ya serikali ya kupangia nyumba, kwamba mwenye nyumba mwenyewe hana kinyongo kuiuzia halmashauri, na kwamba serikali ilipoondoa zuio la kuwafukuza wapangaji mwishoni mwa Machi 2023 ilitutuliza kwa ahadi kuwa halmashauri zitanunua angalau nyumba 1,500 mwaka ule, wapangaji wakiwa humohumo ndani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema: "Mama, wewe bado una makazi. Rudi ukishayakosa."

Nirudi nikishayakosa! Mpango mzima ulibuniwa ili mtu asiyakose. Ni sawa na zimamoto kukuambia urudi ukishakuwa jivu.

Mkaguzi wao alikwisha kuja nyumbani. Alibonyeza ukuta wa bafuni kwa kidole gumba, akafungua kabati la chini ya ngazi tunamoweka masanduku na gunia la unga wa ugali, kisha akapima kile chumba ambacho kitanda kikiingia mlango haufungi, akaandika kwamba tuna chumba cha ziada na kwa hiyo nyumba ni kubwa mno kwetu. Mwanangu analala humo, miguu ikiwa koridoni! Nikauliza habari za fedha, nikajibiwa kwamba zile euro milioni 325 za kununulia nyumba nchi nzima mwaka 2025 zimegawanywa, na fungu lao limemezwa na nyumba walizokwisha kukubali kuzinunua. Hayo ningeyavumilia. Lakini kuvuliwa miwani na kuambiwa nirudi nikishayakosa, mbele ya foleni nzima, huku yule mama wa nyuma yangu akiguna kwa niaba yangu! Hoja sina, nina hasira tu.

KiparaWaCork:
Pole sana, dada. Kabla sijakasirika pamoja nawe, naomba kujua hilo gunia la unga umelipata duka gani na kwa bei gani. Isitoshe, kama mkaguzi aliliona gunia zima na bado akaandika kwamba familia ni ndogo kuliko nyumba, basi huyo hajawahi kuona watu wakila.

BintiSaba:
Mimi sitakupa pole. Nimo kwenye orodha ya nyumba za halmashauri tangu kifungua mimba wangu akiwa tumboni, na leo ananipita kimo. Kila nyumba inayonunuliwa mpangaji akiwa ndani ni nyumba iliyoniruka, na hakuna anayefungua uzi kwa ajili yangu.

MpangajiSugu:
Dada BintiSaba, asiyestahili nyumba ya halmashauri hapewi HAP, kwa hiyo sijakuruka popote. Nikitolewa nitaishia hoteli ya dharura na watoto, kwa fedha hizohizo za umma. Na yule bwana atakuwa anasubiri nirudi nikishayakosa!

MzeeWaLeicester:
Nyinyi angalau mnanunuliwa. Huku Uingereza sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji haki ya kuuziwa nyumba za halmashauri kwa punguzo kubwa, na leo kuna halmashauri zinazozinunua upya baadhi ya nyumba hizo kwa bei ya soko ili zipate pa kuziweka familia. Kama ni kulia, tulianza sisi.

DadaWaSheria:
Dada mwenye uzi, acha miwani ya watu, itazame notisi yako. Tangu Julai 2022 mwenye nyumba analazimika kupeleka nakala kwa RTB, bodi inayosimamia upangaji, siku ileile anayokupa wewe, na asipofanya hivyo notisi ni batili. Kama umekaa zaidi ya miaka minane, unastahili notisi ya siku 224. Umehesabu?

MwenyeNyumbaMoja:
Nilijua mtafika kwa mwenye nyumba, ambaye siku zote ndiye mchawi. Mimi niliipelekea halmashauri nyumba yangu kwa moyo mweupe, nikapigwa danadana: mara mthamini, mara mhandisi, mara wakili yuko likizo. Mnunuzi mwenye fedha taslimu alichoka akaenda zake, na tathmini yao ilipotoka ilikuwa chini ya bei ya soko, eti kwa sababu ya kuvu bafuni. Kuvu hiyo aliileta mpangaji kwa kuanika nguo ndani.

BintiSaba:
Aanike wapi, kaka yangu, ilhali mvua ya huku haina likizo na mikataba yenu inakataza nguo kuonekana kwenye roshani?

MwenyeNyumbaMoja:
Afungue dirisha.

BintiSaba:
Dirisha lipi? Lile mlilolipaka rangi likagandana na fremu?

KiparaWaCork:
La kwangu nalo halifunguki, na mwenye nyumba kaniambia nisilisukume maana ni la kihistoria.