MREJESHO: Marathon ya kumkumbuka mama, nimeimaliza

Wakuu habari zenu, mimi ni yule niliyeuliza kama mtu asiyewahi kukimbia hata kilomita 10 anaweza kujiandaa miezi mitano akamaliza 42 ili achangishe hela za wagonjwa wa figo, maana mama tulimpoteza kwa figo. Nimemaliza aisee! Masaa 5 na dakika 38, zile mita 195 za mwisho baada ya kilomita 42 nilikuwa kama nakokota gunia la mkaa.

Mlioniambia nifanye mazoezi alfajiri asanteni sana, saa 11 nishatoka, Coco Beach mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi, manake ikigonga saa 2 jua la Dar halina undugu na mtu. Kosa langu nilivaa viatu vipya siku yenyewe (mlinikataza, najua), kucha mbili zimeng'oka. Kilomita ya 33 nikakaa chini nikalia, mzee mmoja naye mkimbiaji akanipa maji akasema "inuka mwanangu, tembea tu", basi nikatembea.

Mchango umefika milioni 1.8, tumeshawalipia wagonjwa wawili kusafishwa damu. Fulana yenye picha ya mama bado sijaifua.